Chumvi ya Uvinza

"Chumvi? Regina, umetia chumvi?"

"Sasa ulitaka nitie nini, sukari?"

"Nyama ya mtu! Nyama ya mwenzio unaikoleza chumvi kama samaki mgebuka!"

"Chupa ilivuja, Skolastika. Ilivuja! Hatujafika hata Uvinza, nasikia macho yananiwasha. Nafungua kikapu, dawa yote imemwagika, kile kinyama kimekaa kikavu kama ulimi wa mbuzi. Na joto la behewa unalijua. Ningekiacha kioze mpaka Dar?"

"Ungemwambia mkata tiketi."

"Nimwambie mkata tiketi nimebeba titi la mtu? Anishushe porini?"

Nilitoka jikoni na mwiko mkononi, maana ugomvi kwenye ua wangu sipendi unipite. Skolastika, fundi cherehani wa chumba cha mbele, alikuwa amesimama na futi yake shingoni kama kawaida, mikono kiunoni. Regina wa chumba cha nyuma, muuza dagaa wa Kibirizi, ndiyo kwanza alikuwa ameshuka treni, vumbi la safari bado liko kwenye nyusi. Kikapu kilikuwa miguuni mwake, na ndani yake ulichomoza mfuko wa chumvi ya Uvinza, ile inayouzwa dirishani treni ikisimama pale stesheni. Ulikuwa umebaki zaidi ya nusu.

Mwenye titi lenyewe alikuwa ameketi kwenye ngazi ya kibaraza, ungo mapajani, anachambua maharage. Kabura alitoa kijiwe, akakitupa, akaendelea. Ungedhani wanagombania titi la mtu wa Tabora.

"Haya," nikasema, "na huko Dar walisemaje?"

Sauti ya Regina ikashuka. Huyu ni mwanamke ambaye pale Kibirizi akipiga kelele mitumbwi inageuka, lakini siku ile alisema kama mtoto aliyevunja kikombe.

"Kijana mmoja wa koti jeupe alifungua, akanusa, akaniangalia. Akaniuliza, mama, hiki umeleta maabara au jikoni? Akaita wenzake. Wakasema chumvi imenyonya maji yote, nyama imejikunja, haisomeki. Wanataka kingine."

"Kingine!" Skolastika akapiga makofi. "Akakatwe tena, kwa sababu yako!"

"Mimi nilifanya tunavyofanya siku zote. Kitu kisioze, unakitia chumvi. Ningejua vipi?"

"Basi wakate lote," alisema Kabura.

Hakupaza sauti. Hata mikono yake haikusimama. Aliongeza kwa Kirundi, ambacho sisi Waha tunakisikia bila mkalimani, kwamba likishakatwa halitahitaji tena kusomwa na mtu. Kisha akanyanyuka, akapepeta maharage yake, maganda yakaruka, akaingia jikoni kwangu kuyaosha.

Ugomvi ukafa hapohapo. Skolastika akavuta futi yake shingoni, upande huu, upande ule, akarudi kwenye cherehani. Regina akabeba kikapu chake. Ule mfuko wa chumvi aliutoa akauacha kwenye rafu ya kibarazani, nadhani hakutaka kuingia nao chumbani. Ukakaa pale. Nyumba yangu ina watu wa kuazima kila kitu, kiberiti, ungo, hata mswaki ukizubaa, lakini chumvi ile hakuna aliyeigusa.

Nieleze vizuri, maana jambo hili mtaani kwetu Mwanga kila mtu alilisimulia kivyake, na wengine waliolisimulia zaidi hata jina la Kabura hawakulijua.

Ulikuwa mwaka ule Wazaire walipoanza kuvuka ziwa kwa maboti, wakati Warundi walikuwa wameshajaa makambi ya Kasulu na Kibondo. Mimi kwangu mlango haufungwi mchana. Habari za mji zilikuwa zinapita kwangu kwanza ndipo ziende redioni. Kwa hiyo sikushangaa asubuhi moja kuona mwanamke mwembamba mlangoni, mtoto mgongoni, anasema ameelekezwa na Gloriose. Gloriose aliwahi kupanga kwangu kabla hajapelekwa kambini. Alimwambia, ukifika Kigoma uliza nyumba ya Mama Yunisi, ile inayosikika kabla hujaiona.

"Amahoro, mama," alinisalimu. "Nimepewa kibali cha kutibiwa. Nina titi."

"Sote tunayo," nikamwambia, nikitaka acheke. Hakucheka. Nilimpa kiti.

Mumewe alikuwa amerudi ng'ambo kumfuata mama yake mzazi, hakuonekana tena. Hayo aliniambia siku hiyohiyo, kama anayeniambia kwamba njiani kulikuwa na tope. Mtoto aliitwa Ella, alikuwa amekwishaanza kukimbia na kuongea, na titi alikuwa ameliacha zamani. Ndiyo maana watu wa kambini walishangaa titi la kushoto lilipovimba, mama asiyenyonyesha. Walisema jipu. Wakamchoma sindano, wakapasua, usaha ukatoka, wakafunga. Halikupona. Likawa gumu kama kiazi kibichi, ngozi ikawa nyekundu na vitundu vidogovidogo kama ganda la chungwa, chuchu ikavutwa ndani. Kisha ngozi ikajitoboa yenyewe, pembeni, na pale ikawa panatoka maji yenye harufu.

Hapo ndipo Mwanga nzima ilipopata shahada ya udaktari. Mama mmoja wa sokoni alisema ni maziwa yaliyoganda. Mwingine akasema kuna mtu huko Burundi anamvuta. Walio wengi walisema kansa, na walisema kwa sauti ya chini huku wakiangalia huku na huku, kana kwamba kansa ina masikio. Mimi pia nilisema kansa. Shangazi yangu wa Ujiji alikwenda hivyohivyo, ngozi kama chungwa, chuchu imezama, na wakati wanamleta hospitali hapakuwa tena na kitu cha kutibu.

Daktari Leodgar wa hospitali ya mkoa naye alipomtazama mara ya kwanza aliosha mikono polepole. Akasema linafanana na kansa, tena ile inayokwenda mbio. Lakini lazima kinyama kikatwe kipimwe, na hapa kwetu kukata wanakata, wa kuisoma nyama yuko Dar. Wakikuta kansa, titi linaondolewa. Kinyama kikakatwa, kikatiwa kwenye chupa yenye dawa kali ya kuhifadhia. Regina alikuwa anapeleka magunia yake ya dagaa Dar kwa treni, akasema nipeni, mimi nitaifikisha. Tukamshukuru sana. Mengine mmeshayasikia.

Sasa, kwangu wanawake tunakula sinia moja, chumbani kwangu, juu ya mkeka. Anayepita na njaa yake anakaa. Kabura alikaa nasi siku za mwanzo. Harufu ilipozidi, akaanza kuchukua chakula chake kwenye sahani ya bati na kwenda kula kwenye ngazi ya kibaraza. Tukamwita arudi. Akasema pale kuna upepo. Tukamwita tena, akasema pale kuna upepo. Ikawa ndipo pake. Mtu akitaka kupanda kibarazani wakati wa chakula anasema hodi, anaruka sahani ya Kabura, anaingia.

Akaanza kugawa vitu. Hakusema anagawa. Kitenge chake kizuri, cha maua ya njano, alimpa Skolastika akasema kimemkaa vibaya. Skolastika akakipokea, akakikunja, akakiweka kabatini na hakukikata. Sufuria alinipa mimi. Na Ella alinipa mimi pia, ila hilo sikulitambua upesi.

Nilikuwa nasuka ukili, mtoto akaja mbio, akanishika goti: "Mama."

"Mama yako yule kule."

Akageuka kumtazama Kabura. Kabura, kule kwenye ngazi, akaninyooshea kidole. "Mama," alimwambia mtoto, taratibu, kama mwalimu wa chekechea. "Huyo ndiyo mama. Mimi ni Kabura."

Nikaacha kusuka. "We mwanamke, unafanya nini?"

"Namzoesha," alisema. "Akizoea mapema hatalia sana."

Mimi ni mtu wa maneno. Ndoa za mtaa huu nimezisuluhisha zaidi ya shehe na padri, na misibani mimi ndiye ninayewachekesha wafiwa.  Siku hiyo nilimkalisha mtoto mapajani, nikaendelea kusuka, na nilipotazama baadaye nikakuta nimekosea mistari yote.

Kwa hiyo mnaelewa, Regina aliporudi na habari ya chumvi, kilichoniumiza si ile safari iliyopotea. Kabura alikuwa amekwishajipanga. Alikuwa anasubiri neno moja tu la kuambiwa, na hata hilo halikuja.

Kesho yake tukaenda hospitali, mimi na yeye. Aliingia kwa daktari, akaketi, akasema maneno yaleyale.

"Daktari, kata lote. Kibali changu kinakwisha. Sitaki tena cha kupima."

Daktari Leodgar ni kijana, mtoto wa mwalimu mmoja wa Buhigwe, ana adabu. Alikuwa ameniamkia shikamoo kabla hajamwangalia mgonjwa. Nikamweleza ya chumvi. Alijishika uso kwa viganja viwili, nikaona mabega yanatikisika, sikujua kama analia au anacheka, na alipoviondoa uso wake ulikuwa umechoka tu.

"Kibali nitakuandikia kingine, hilo lisikusumbue," alisema. "Vua nione."

Alilitazama muda mrefu. Akambonyeza kwapani, kulia na kushoto. Akamuuliza kama anakohoa, kama anatoka jasho, kama amekonda. Akamuuliza ilikuwa lini alipomwachisha mtoto. Kabura akajibu yote kwa Kirundi, ego ya ndiyo, oya ya hapana, macho yako kwenye kalenda ukutani, ya mwaka uliopita.

"Unajua kinachonitatiza?" Daktari aliniambia mimi, halafu akajirekebisha akamgeukia yeye. "Kinachonitatiza, dada, ni kwamba ugonjwa wako hauendi mbio. Kansa ninayoihofia mimi, kwa muda wote huu, ingekuwa imekwisha kukumaliza nguvu. Wewe uko vilevile. Tezi za kwapa zipo lakini laini. Na hili tundu jipya linatoa usaha, halitoi damu. Kansa inaweza kufanya hivi. Na kitu kisicho kansa kinaweza kufanya hivihivi, ngozi ya chungwa, chuchu kuingia, yote. Kwa macho sitofautishi. Hata mkuu wangu hatofautishi."

"Basi kata," alisema Kabura.

"Nikikata leo, halafu wakaniandikia kutoka Dar kwamba halikuwa na kansa, nitalirudisha wapi?"

Kabura akarudisha macho kwenye kalenda.

"Unataka nilikate kwa sababu gani? Linauma?"

"Haliumi kama zamani."

"Sasa?"

Akafikiri. Nilimwona anatafuta jibu kweli, kama mtu anayetafuta funguo kwenye mkoba. "Nimechoka kuwa nalo," alisema. "Kila mtu analijua. Kambini wananiuliza habari za titi. Hapa wananiuliza habari za titi. Mimi mwenyewe hakuna anayeniuliza."

Daktari aliinama, akafunga kifungo cha koti lake ambacho kilikuwa kimeshafungwa. Akasema atakata vinyama viwili, kimoja cha kansa, kimoja cha kutafutia TB, kwa kuwa kuna TB inayokaa kwenye titi na kambini TB ipo. Baada ya hapo, majibu yakija yoyote yale, atamsikiliza.

"Ego," alisema Kabura. Sidhani alikubali. Alishindwa tu kuendelea kukataa.

Nilimsubiri nje kwenye benchi, nikajua habari za wagonjwa wote wa benchi lile pamoja na za wauguzi wawili. Alipotoka, kifua kimefungwa bandeji, nikamuuliza kama aliumia.

"Sijui. Walinichoma sindano ya ganzi. Nilisikia kama wanachana kitambaa chumba cha pili."

Tukatembea. Baadaye, tunapanda kuelekea Mwanga, akasema, "Ganzi hata wasingechoma." Akasema hivyo tu.

Nyumbani likazuka la nani apeleke chupa. Skolastika alisema hata apeleke kichaa wa soko kuliko Regina. Regina mwenyewe alikuwa amejifungia, eti anahesabu magunia. Tangu siku ya ugomvi alikuwa anakula chakula chake kulekule Kibirizi, anarudi kimya, anapita ubavuni mwa nyumba ili asipite kibarazani. Mwanamke ambaye sinia lilikuwa halianzi mpaka afike na masengenyo ya bandarini.

"Tumpe mtu wa reli," nikasema.

"Apeleke Regina," alisema Kabura kutoka kwenye ngazi.

"Kabura! Yule aliyekukaanga?"

"Mtu wa reli atalala," alisema. "Regina hatalala."

Ikawa hivyo. Na kweli, mnapaswa kuiona ile chupa ilivyofungwa. Regina alizungushia kifuniko nta ya mshumaa, juu ya nta akafunga mpira wa tyubu ya baiskeli, juu ya mpira kitambaa, akaisimamisha ndani ya kopo la maziwa lililojaa pamba. Daktari alimwandikia karatasi akamwambia mara tatu asitie kitu chochote, hata maji ya baraka. Siku ya safari alipita kibarazani kwa mara ya kwanza. Akasimama mbele ya Kabura amelikumbatia lile kopo.

"Nimebeba," alisema.

"Ego."

"Sitafungua."

"Ego. Safari njema."

Nilitaka mmoja wao aseme kitu zaidi. Regina akashuka ngazi na kopo lake.

Siku zilizofuata sina la kusimulia, na mimi kukosa la kusimulia ni ajabu. Watu walikuja, walikaa, walikula, wakaondoka mapema. Nyumba ilijaa kama siku zote lakini mazungumzo yalikuwa yanakatika, kama redio yenye betri za kufa. Watu wa mtaani walikoma hata kuuliza. Walikuwa wamekwishaamua, wakahamia kwenye habari nyingine, kuna mke wa karani wa bandari alikimbia na Mzaire mwenye gitaa. Habari nzuri kabisa, ya miaka na miaka, na mimi niliisikiliza nikasema tu, "Eh, kumbe."

Kabura alifagia ua. Alichota maji. Alioga, akabadilisha bandeji, akafua ile ya zamani, akaianika nyuma ya nyumba ambako watu hawaioni. Ella aliniita mama, nikamwitikia, kwa kuwa mtoto ukikataa kumwitikia unamkosea. Kila nilipoitika nilimwangalia Kabura. Alikuwa anatikisa kichwa kidogo, vizuri, vizuri, kama fundi anayeona ukuta wake umenyooka.

Regina alirudi mchana. Hakuja nyumbani. Alitoka stesheni na mizigo yake yote moja kwa moja mpaka hospitali, akamkabidhi Daktari Leodgar bahasha mkononi, akagoma kuondoka mpaka aone imefunguliwa. Ndipo akamtuma mwenye baiskeli kutuita. Alimkuta Kabura anaanua nguo, naye Kabura akazikunja zote kwanza, ndipo tukaenda.

Regina alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya mlango wa daktari, kikapu cha migebuka mikavu mapajani. Hakuinua kichwa. Tukampita tukaingia.

Daktari alikuwa amesimama. Mgonjwa akiletewa msiba, daktari huketi, nimeliona hilo sehemu nyingi. 

"Si kansa," alisema.

Nikajikuta nimekaa sakafuni. Sikumbuki kukaa.

"Wameangalia vyote viwili. Kansa hakuna, TB hakuna. Ni titi lenyewe limevimba na kuwaka kwa ndani. Askari wa mwili wako wamejikusanya kwenye vile vifereji vilivyokuwa vinapitisha maziwa, wamezingira, wanapigana na adui asiyekuwepo. Hutokea kwa akina mama waliozaa karibuni, miaka michache baada ya kunyonyesha. Kwa nini, hakuna anayejua vizuri. Ila haliui. Na halikatwi." Alikuwa anaongea haraka, anageuza karatasi mbele na nyuma. "Utakunywa vidonge vya kutuliza uvimbe, miezi kadhaa. Polepole. Linaweza kupona likarudi tena, usiogope likirudi, unakuja kwangu. Kovu litabaki. Lakini ni ugonjwa wa kupona."

Kabura alikuwa amesimama mikono imeshikana mbele, kama mtu anayesubiri daktari amalize hotuba yake ndipo aanze kusema lenyewe.

"Umenielewa, dada?"

"Ego."

"Huna kansa."

"Nimesikia." Akafikiri. "Naweza kulalia upande huu?"

"Unaweza ukiona hapaumi."

"Ego. Urakoze, daktari. Asante."

Nilikuwa nalia pale sakafuni kwa niaba ya mtaa mzima, kamasi, khanga, kila kitu, na mwenye habari yake akainama akanishika kiwiko akaninyanyua. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Akanipangusa vumbi nyuma.

Nje, Regina alisimama. Alikuwa ameshaisikia habari kupitia mlangoni. Kabura alimtazama, akatikisa kichwa kukubali, akaanza kutembea. Sisi wawili tukamfuata nyuma. Regina akanipa kile kikapu cha samaki, akaninong'oneza, "Mpe yeye." Kisha akasema ana kazi Kibirizi, akakata kona.

Mimi mdomo wangu ulifika Mwanga kabla ya miguu. Kufikia jioni ua ulikuwa umejaa, walewale waliokuwa wamekwishamzika sasa wanasema walijua tangu mwanzo si kansa, kansa gani inachota maji. Skolastika akaleta kile kitenge cha maua ya njano, amekikunja vilevile, akakiweka mapajani mwa Kabura bila maneno. Kabura akakishika. Watu walimtazama wakingoja apige kigelegele, au aanguke, au amshukuru Mungu. Yeye akakishika tu kitenge.

"Mimi nilikuwa nimemaliza," aliniambia kwa Kirundi, katikati ya kelele zile. "Nilikuwa nimemaliza kila kitu. Sasa sijui naanzia wapi."

Ella akaja mbio na kipande cha muhogo. Akasimama kati yetu. Akanitazama mimi, akamtazama yeye, na mimi, Mungu anisamehe, nikageuza uso nikajifanya naongea na mtu. Nikasikia mtoto anasema, kwa adabu kabisa, "Kabura."

 Kabura akachukua ule muhogo, akaumega, akampa nusu, akala nusu. Akanyanyuka.

"Napika," alisema.

Akapika yeye, jikoni kwangu, kwa sufuria aliyonipa. Ile migebuka ya Regina, kwa mawese, na ugali wa muhogo. Alikataa kusaidiwa. Ella alikuwa ameketi kizingitini anamtazama, na kila baada ya muda Kabura alikuwa anamwambia neno moja na mtoto analirudia. Sikulisikia. Sikujongea kusikia, na anayenijua mimi anajua lilinigharimu nini.

Chakula kikaletwa chumbani, sinia likawekwa mkekani, tukazunguka. Kabura akaja nyuma ameshika sahani yake ya bati, imeshapakuliwa. Akasimama mlangoni kama kawaida yake, uso umeelekea kwenye ngazi. Sote tukageuka kumtazama, hata wale wa kelele. Akaiangalia ile sahani. Kisha akapiga goti pembeni mwa Skolastika, akaimimina yote juu ya sinia, ugali juu ya ugali, mchuzi juu ya mchuzi, akaisukuma sahani tupu chini ya kitanda changu.

Tukanawa. Tukamega. Skolastika alitafuna mara mbili, akaacha kutafuna.

"Nini?" nikamuuliza.

"Hamna kitu."

"Sema."

"Hamna chumvi," alisema kwa sauti ndogo, na akatamani ardhi immeze.

Ilikuwa kweli. Kabura alikuwa amesahau kabisa. Chakula kilikuwa kimepooza, kama kinachopikwa hospitali. Hakuna aliyenyanyuka. Chumvi yangu iliisha asubuhi, na iliyopo nyumba nzima ni moja tu, ile ya kwenye rafu.

Ndipo tukamwona Regina. Alikuwa amerudi, amesimama chini ya ngazi nje, mahali ambapo mtu akisimama anaonekana kutoka chumbani kupitia mlangoni. Mkono mmoja umeshika nguzo. Nadhani alikuwa anataka kupita ubavuni aende chumbani kwake, harufu ya mawese ikamshika.

Kabura alimwona. Hakutabasamu. Alisogea kidogo mkekani, akamsogeza Ella naye, pakapatikana nafasi ya mtu mmoja kati yao wawili.

"Regina," aliita. "Hiyo chumvi yako iko kwenye rafu. Ichukue uje nayo. Ingia tule."